Tahadhari kwa wajenzi wa majengo ya chuma: bolti laini zinauzwa kwa chapa ya 8.8

Ndugu mafundi, wahandisi, na ninyi mnaogharimia majengo ya chuma, nawaomba msome tahadhari hii kabla hamjapokea mzigo mwingine wa bolti. Yupo muuzaji wa vifaa vya kuungia vyuma anayeuza bolti laini za kawaida zikiwa zimepigwa chapa ya daraja 8.8, yaani alama ya bolti za nguvu kubwa, na cheti anachotoa pamoja nazo si cha bolti hizo. Sisi tulizinunua, tukaanza kuzifunga, na tukagundua kabla paa halijaezekwa. Simtaji jina kwa sababu shauri lake tumelifikisha kwa wahusika, lakini bidhaa yenyewe nitaieleza kwa kirefu ili atakayeletewa aitambue akiwa bado na nafasi ya kuikataa.

Kazi yetu ilikuwa ghala la fremu za chuma, lenye nguzo mbili na boriti mbili za paa zinazokutana kileleni, fremu baada ya fremu. Mwisho wa kila boriti umechomelewa bamba nene, na bamba hilo hufungwa kwenye ubavu wa nguzo kwa bolti 8 za M20, yaani zenye kipenyo cha milimita 20. Uzito wa paa unapoilemea boriti, kona ile hutaka kufunguka upande wa juu, kwa hiyo bolti za juu huvutwa kwa nguvu kubwa huku za chini zikisaidia zaidi kuzuia bamba lisiteleze. Upepo ukilinyanyua paa, mvuto huo huhamia chini. Mhandisi wetu aliagiza bolti zote za kona zikazwe hadi kufikia mvuto maalumu, ili bamba na nguzo zibanane kiasi kwamba msuguano wenyewe uzuie kuteleza kokote.

Tulipofika fremu ya tatu, fundi aliyekuwa juu ya jukwaa alituita akasema spana inazunguka lakini bolti haikazi. Nati ikishakaa juu ya washa, kila sehemu ya mzunguko huongeza uzito mkononi, na fundi mzoefu huujua uzito huo hata bila kutazama kipimo. Hii ilikaza kidogo, kisha akahisi kitu kikivutika ndani, na spana ikaendelea kwenda bila upinzani kuongezeka. Tuliitoa bolti ile, tukairudishia nati kwa vidole. Ilikwenda vizuri mwanzoni, halafu ikagoma katikati ya uzi, yaani meno yanayoizunguka bolti. Tukachukua bolti mpya kutoka katika katoni ileile na kuzilaza pamoja, uzi kwa uzi. Meno yalishikana upande wa ncha, lakini yalipoelekea kichwani yakaanza kupishana, na mwanga ukapenya katikati yake. Bolti ilikuwa imerefuka kwa kukazwa tu, kabla ya kubeba chochote.

Hapo ndipo tulipovichunguza vichwa vyake jinsi tulivyopaswa kuvichunguza siku mzigo ulipofika. Bolti halali ya daraja hilo huwa na alama mbili kichwani, yaani alama ya mtengenezaji na namba ya daraja. Hizi zilikuwa na 8.8 peke yake. Namba ilikuwa imezama, tarakimu moja imelala upande, na pembeni mwake chuma kilikuwa kimeinuka kama ukingo mdogo unaokwaruza kidole, dalili kwamba chapa iligongwa bolti ikiwa imekwisha kutengenezwa. Naomba nieleweke hapa: alama iliyozama peke yake si ushahidi wa ulaghai, kwa kuwa viwanda halali navyo huweza kuzamisha alama zao. Kilichotutia shaka ni kukosekana kwa alama ya mtengenezaji, kwa sababu bila alama hiyo hakuna njia ya kuihusisha bolti na kiwanda chochote wala na cheti chochote.

Kuhusu cheti, nakiri kwa uchungu kwamba tulikipokea na kukiweka kwenye faili bila kukisoma. Tulipokisoma, tuliona namba moja ya toleo imeandikwa kwa bolti za M16, M20 na M24 kwa pamoja, na matokeo ya jaribio la kuvuta yakiwa yaleyale kwa saizi zote tatu. Toleo moja la bolti ni la saizi moja, lililotoka katika chuma kimoja na kupitia tanuri kwa utaratibu mmoja. Haiwezekani saizi tatu zikawa na toleo moja, na haiwezekani majaribio matatu tofauti yakatoa tarakimu zisizopishana hata kidogo. Karatasi ile ilikuwa nakala ya nakala, na namba ya toleo haikuwa imeandikwa kwenye katoni hata moja.

Tulipeleka bolti kadhaa maabara. Kwa M20 ya daraja 8.8, ugumu unaotakiwa ni kati ya 255 na 335 kwa kipimo cha Vickers, na haipaswi kukatika kabla ya kufikia mvuto wa kilonewtoni 203. Zetu tatu za kwanza zilitoa ugumu wa 149, 156 na 161, ambao ni wa daraja 4.6, na iliyovutwa hadi mwisho ilikatika kwenye kilonewtoni 121. Tarakimu hizi zinaeleza yote yaliyotokea kwenye jukwaa. Tarakimu ya kwanza katika 8.8 inamaanisha nguvu ya megapaskali 800, na ya pili inamaanisha kwamba bolti haianzi kurefuka bila kurudi hali yake mpaka ifikie asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani megapaskali 640. Ya daraja 4.6 ina 400, na huanza kurefuka kwenye 240. Mvuto tuliotakiwa kuuweka wakati wa kukaza ulikuwa kilonewtoni 137, kiasi kinachozidi hata kile kilichoikata bolti ile maabara. Fundi wetu hakukosea chochote. Alikuwa anaitaka bolti ifanye kazi ambayo chuma chake hakingeweza kamwe kuifanya.

Jambo linalonitisha zaidi ni kwamba katika muungano usiohitaji mvuto huo, ambako bolti hukazwa kwa spana ya kawaida mpaka bamba zigusane, bolti hizi zisingeonyesha dalili yoyote. Zingekaa vizuri, zingepakwa rangi, na jengo lingekabidhiwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu asijifariji kwa kuwa za kwake zilikaza bila shida.

Muuzaji tulipomwita alikuja na maelezo mengi. Kwanza alisema bolti zote nyeusi ni za 8.8, jambo ambalo si kweli, kwa sababu weusi ni wa uso tu na hausemi lolote kuhusu chuma cha ndani. Kisha akasema vyuma vya jengo ni vizito mno kiasi kwamba bolti haiwezi kuleta madhara. Kwa wanaovutiwa na hoja hiyo, nawakumbusha yaliyotokea Kansas City, Marekani, mwaka 1981, ambako njia za kupita zilizoning'inizwa ndani ya hoteli zilianguka na kuua watu 114. Kilichoshindwa pale kilikuwa muungano. Fimbo moja ndefu ya kuning'inizia ilibadilishwa kuwa mbili fupi, na nati iliyokuwa ibebe njia moja ikajikuta inabeba mbili.

Baada ya hapo alitoa mapendekezo mawili ambayo nayataja kwa sababu najua atawapa na wengine. La kwanza lilikuwa kuchomelea nati kwenye bolti na bamba ili zisilegee. Tafadhali msikubali. Bolti halali ya 8.8 hupata nguvu yake kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo, na moto wa kuchomelea huivuruga kazi hiyo papo hapo. Na kwa bolti laini, kuichomelea hakuiongezei nguvu hata chembe, kunaficha tu tatizo chini ya madoa ya chuma kilichoyeyuka. La pili lilikuwa kupanua matundu tuweke M24 kutoka kwake. Matundu yakipanuliwa, chuma kinachobaki kati ya tundu na ukingo wa bamba hupungua, na hesabu yote ya bamba hubadilika. Zaidi ya hayo, hizo M24 zilikuwa chini ya cheti kilekile.

Nati zake nazo zina kasoro yake. Bolti ya 8.8 inahitaji nati ya daraja 8 au zaidi, yenye alama. Zetu hazikuwa na alama, na nyingine zilikuwa zimezamishwa katika zinki ilhali bolti zenyewe ni nyeusi. Nati ya zinki hutobolewa uzi mpana kidogo ili ipokee unene wa zinki ulioko kwenye bolti. Ukiifunga kwenye bolti nyeusi, itacheza ukiitikisa kwa vidole, meno yatashikana kwenye ncha tu, na ikikazwa uzi unaweza kunyofoka kabla bolti haijafikia nguvu yake. Kwa hiyo agizeni bolti, nati na washa kama seti moja kutoka kwa mtengenezaji mmoja, na mkatae mzigo unaoletwa kwa magunia tofauti hata kama bei yake inapendeza. Ya kwake ilipendeza sana, na hilo peke yake lilipaswa kutufanya tuulize maswali.

Ulaghai huu una historia. Marekani ilifikia hatua ya kutunga sheria maalumu mwaka 1990 kwa sababu ya bolti zenye alama za uongo, zikiwemo zilizotengenezwa kwa chuma chenye boroni na kuuzwa kama za chuma cha daraja la juu zaidi, ingawa hupoteza nguvu zinapofanya kazi kwenye joto kali. Anayewaambia kwamba hakuna mtu anayeweza kughushi kitu kidogo kama bolti hajui anachosema, au anakijua vizuri mno.

Kwa yeyote ambaye tayari amezifunga bolti za namna hii, ombi langu ni moja kubwa: msizifungue zote kwa pamoja kwa hofu. Mwiteni mhandisi, boriti itegemezwe, kisha ibadilishwe bolti moja baada ya nyingine, na iliyotolewa itunzwe ikiwa na alama ya mahali ilipotoka. Bolti zetu tulizibadilisha kwa utaratibu huo, na baadhi ya tulizozitoa zilikuwa zimekwisha kurefuka ingawa kwa macho zilionekana nzima.

Katoni ambazo hazikufunguliwa muuzaji alizichukua. Tulimtaka aziharibu mbele yetu, akakataa, akazipakia akaondoka nazo. Kwa hiyo zipo sokoni, pengine katika katoni mpya. Ukipewa cheti chenye namba moja ya toleo kwa M16, M20 na M24, na vichwa vya bolti vikiwa na 8.8 bila alama ya mtengenezaji, usipokee mzigo huo, na kama umekwisha kuupokea, peleka tatu maabara kabla hujapandisha boriti ya kwanza.