Kipimajoto cha elfu 12 kilichoiumbua temostati yangu

Kaskazi hii, hapa Chumbageni, Tanga, umeme wangu wa LUKU ulikuwa unavuja kama pakacha. Kiyoyozi cha sebuleni hakipumziki. Nimeweka 25, temostati ya ukutani (inayopima joto na kukiamuru kiyoyozi kiwake au kizime) imeng'ang'ania 28, na mke wangu kajifunga khanga mbili kwa baridi. Fundi hata kifuniko hakugusa: "Gesi imepungua hiyo, bosi. Andaa elfu themanini." Gesi ipungue, halafu watu watetemeke?

Nikashuka Ngamiani, nikanunua kipimajoto cha kidijitali chenye waya na kihisi mwishoni, shilingi 12,000. Kabla ya kukiamini, nacho nikakipima. Nilitwanga barafu kwa mchi, nikajaza glasi, nikamimina maji kidogo tu ya kuziba mianya, nikakoroga, kisha nikatumbukiza kihisi katikati bila kugusa glasi. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0, haina mjadala, mradi maji yasiwe na chumvi. Dakika chache baadaye kikasoma 0.4. Boksi linasema kinaweza kukosea nyuzi 1 juu au chini, kwa hiyo kimefaulu.

Nikakibandika kwa selotepu kando ya temostati, kihisi kikining'inia bila kugusa ukuta, nikatoka sebuleni nusu saa nzima (ukisimama hapo, kinapima pumzi zako). Kurudi: temostati 28, kipimajoto 24.6.

Nikazima swichi kuu, nikafungua kifuniko cha temostati. Nyuma kuna tundu la bomba la nyaya linalopanda mpaka darini, chini ya mabati. Ukisogeza kidole unasikia vuguvugu. Kumbe joto la bati la saa nane mchana lilikuwa linashukia puani mwa temostati, nayo ikiamini nyumba nzima inaungua! Nikaziba tundu kwa silikoni. Kesho yake vilipishana nusu nyuzi tu, na kwa mara ya kwanza mwezi huo nikasikia kiyoyozi kikizima chenyewe.

Kasoro za kipimajoto zipo. Kioo hakina taa, usiku unamulika kwa simu. Waya ni mita moja tu. Na ile desimali ni mbwembwe, maana kifaa kinachoweza kukosea nyuzi nzima hakina haki ya kukuambia pointi sita.

Nyota nne. Sasa kimehamia kwenye friji, na huko nako nimekuta 9 wakati maziwa yanataka 4.