Ramani ya ukutani ya falme za kale: magharibi safi, pwani yetu wametuonea

Nimeichukua Kariakoo kwa kijana mmoja anayepanga vitabu chini, alianzia elfu 20 tukamalizana 14, imepigwa laminesheni nzuri na maandishi unayasoma ukiwa umekaa kwenye kochi. Niliitaka kwa ajili ya binti yangu wa form two, maana kwake Ghana, Mali na Songhai ni majina tu ya kukariri.

Na hapo ndo ramani inapiga kazi aisee. Ghana ya kale wameiweka panapostahili, huko kusini mwa Mauritania na magharibi mwa Mali, sio hii Ghana ya Black Stars, na mtoto akiangalia anaelewa mwenyewe walitajirikaje: juu Sahara na chumvi ya Taghaza, chini dhahabu ya Bambuk, wao wapo katikati wanasubiri mzigo upite. Al-Bakri, mwanajiografia Mwarabu wa Andalusia, aliandika karne ya 11 kwamba mfalme alikuwa anakula dinari 1 ya dhahabu kwa kila punda wa chumvi anayeingia na 2 akitoka, yani forodha kabisa. Af Timbuktu ipo pale mto Niger unapokaribia jangwa, ngamia anashusha mtumbwi unapakia, inaonekana wazi. Safari ya kwenda hija ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, ya 1324 kupitia Cairo nayo ipo.

Sasa njoo huku kwetu. Kilwa kadoti kama mbu! Hakuna mshale kutoka Sofala, bandari ya kale huko Msumbiji, wakati dhahabu ya bara kule Zimbabwe ilipitia Sofala ndo ikaja kuitajirisha Kilwa, mpaka sarafu ya Kilwa imekutwa Great Zimbabwe kwenyewe. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akausifia mji, wao hawana habari. Na pepo hawajachora kabisa, jamani pwani utaielezaje bila kaskazi na kusi? Kaskazi kuanzia kama Desemba inaleta majahazi ya Arabuni na India, kusi ikianza kuvuma wanageuza, ukichelewa unakaa mpaka msimu mwingine, ndo maana watu walioa na kujenga huku. Jangwa la wenzetu wamelichora na ngamia juu, bahari yetu rangi ya bluu tu.

Kituko chenyewe sasa, Dar es Salaam imewekewa nyota eti mji wa biashara wa karne ya 14, Sultan Majid wa Zanzibar kaanza kuujenga miaka ya 1860 huko! Nikamwonyesha muuzaji akacheka, "mama we chukua, watoto hawaangalii hayo." Wangu kaangalia.

Kwa 14 sijutii, nyota nimeifuta kwa maka pen na mishale ya kaskazi na kusi tumechora wenyewe, wino unashika vizuri tu kwenye laminesheni. Nunua ukiwa na mwanafunzi wa sekondari nyumbani ila usikubali akukunjie, mwambie aizungushe afunge na raba, yangu ina mkunjo katikati ya Sahara na hautoki.