Miezi minane na vigari vya chuma: nilivyoanza, nilivyopigwa

Nilianza vibaya. Mwezi wa kwanza nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi hapa mjini, unga mkononi, nikaona Hot Wheels, vile vigari vidogo vya kuchezea, zimening'inia karibu na keshia. Nikachukua moja, mia tatu na kitu. Kufika Machi nilikuwa nazo thelathini na moja, mojawapo ina sura ya papa. Nilipozipanga zote mezani niliona wazi kwamba nimejaza nyumba tu.

Kilichoniokoa ni Safari Rally, yale mashindano ya magari ya hapa Kenya. Mzee wangu hachoki kumsimulia Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z. Basi nikajiwekea sharti: nanunua tu magari yaliyokula matope ya Safari, au yale ambayo Mkenya wa kawaida amewahi kuyasukuma yakigoma kuwaka. Zile nyingine nikawagawia watoto wa ploti. Papa aligombaniwa.

Kwa anayeanza, kipimo cha 1:64 kinatosha kabisa. Gari la mita nne na nusu linakuwa sentimita saba, mfuko wa shati unalibeba. Ila ujue Hot Wheels na Matchbox za kawaida hazifuati kipimo hicho kwa ukali. Zinatengenezwa zienee kwenye pakiti, kwa hiyo lori na gari dogo zinaweza kukaribiana urefu. Hilo likikukera, Mini GT wanafuata kipimo vizuri na tairi zao ni za mpira, lakini bei inapanda mara kadhaa. Mimi halinikeri.

Sasa, kupigwa. Kuna muuzaji wa mtandaoni aliniuzia Subaru ya 1:18, "chuma kitupu, bosi." Ilipofika ilikuwa nyepesi kama kikombe cha maziwa lala, bodi yote plastiki. Rafiki akaniambia ningeijaribu kwa sumaku. Usimsikilize mtu wa hivyo! Vigari hivi vinamiminwa kwa mchanganyiko wenye zinki nyingi, na zinki haishikwi na sumaku. Itakayonaswa ni ekseli. Pima uzito kiganjani, gusa bodi asubuhi uone kama ni baridi. Mwingine alitaka elfu mbili kwa Hot Wheels kwa sababu chini imeandikwa 1982. Huo ni mwaka ambao umbo lilisajiliwa, si mwaka kigari kilipotoka kiwandani. Umbo moja laweza kutumika miaka na mikaka.

Raha yenyewe niliipata soko la mitumba la Toi, Nairobi. Kuna mama anayemwaga midoli ya mitumba juu ya turubai, vichwa vya wanasesere na vipande vya reli, na lazima uchuchumae uchakure. Jumamosi moja nikashika kitu kizito, kibluu, rangi imebambuka kwenye boneti, mizigo imefungwa juu ya paa. Nikakigeuza, nikafuta vumbi kwa kidole cha mate: Safari Land-Rover, Lesney, Made in England. Lesney ndiyo kampuni ya Kiingereza iliyoanzisha Matchbox mwaka 1953, nayo ilifilisika 1982, kwa hiyo kigari hicho huenda kinanizidi umri. Moyo ulikuwa unadunda ila uso nikaukaza.

"Mama, hii imeisha rangi."

"Imeisha rangi, chuma je? Leta mia."

"Hamsini."

"Kijana wangu, hata chai siwezi kunywa na hamsini. Themanini uende."

Nilitoa mia, wala sikungoja chenji. Sijakipaka rangi na sitakipaka. Ukipaka upya, wanaokusanya hawakitaki tena, na hata mimi napenda yale makovu.

Kabati nilitengenezewa na fundi wa Ngong Road, maana vumbi la mtaa wetu halina adabu na jua la dirishani linafifisha rangi. Nilimwambia vyumba viwe na upana wa tisa, nikimaanisha sentimita. Yeye akapima inchi. Kazi yenyewe safi, msasa mpaka kwenye kona, lakini sasa Land-Rover yangu imekaa peke yake kwenye chumba kinachotosha jozi ya viatu. Nimeacha hivyo hivyo. Kilicho kando yake bado kitupu, kinangoja Peugeot 504.