Cave Story: gemu ya bure ya mtu mmoja, na simwonei huruma

Gemu za hawa watengenezaji wa kujitegemea, wasio na kampuni wala bajeti, watu huwa wanazisifia kwa huruma, eti "kajitahidi bwana, yuko peke yake". Mi huruma hiyo sina, gemu ikikera inakera tu, hata kama umeitengeneza chumbani kwako usiku baada ya kazi. Na hii Cave Story ndo ninayopimia zingine zote. Ilitoka Desemba 2004, kaitengeneza Mjapani anaitwa Daisuke Amaya, wengi wanamjua kwa jina la Pixel, miaka 5 kwa muda wake wa ziada, michoro yeye, muziki yeye, stori yeye, programu yenyewe yeye, alafu akaigawa bure. Faili halifiki hata MB 5 kwa hiyo usinisingizie bando, na ile laptopu yako ya Windows iliyochoka inaibeba vizuri tu.

Unazinduka pangoni hukumbuki kitu, vitufe vya mishale unatembea, Z unaruka, X unapiga, basi. Huko ndani kuna kijiji cha Mimiga, viumbe kama sungura, wapole kabisa, na kuna Doctor mmoja anawaandama. Stori inaanza kitoto kitoto, baadae inakubana.

Ila utamu wote uko kwenye silaha aisee. Ukiua adui anadondosha vipembetatu vya njano, ukiviokota bunduki inapanda levo mpaka ya 3, sasa ukiguswa wewe, levo nayo inashuka! Yani umeingia kwa bosi, yule adui mkubwa, na mzinga wa maana, popo kapita kakugusa, kakugusa tena, umebaki na virisasi vya kuchekesha na bosi ndo kwanza anaanza kuchangamka. Kwa hiyo unajifunza kukwepa bila mtu kukufundisha. Alafu kuna silaha inaitwa Nemesis, hiyo iko kinyume, levo ya 1 ni moto, ikifika 3 inatema vibata vya mpira, jamaa anakutania live.

Kingine, kuna roboti wa kike anaitwa Curly Brace, atataka kukupa Machine Gun mbadilishane na bunduki yako ya mwanzo. Wengi tunakubali fasta, nani akatae? Kumbe ukiing'ang'ania ile ya mwanzo mpaka mbele sana ukairudisha kwa mwenyewe, yule fundi bunduki kule pango la mwanzo, unapewa bunduki inaitwa Spur, na Spur ni habari nyingine.

Sasa malalamiko. Kuna mzee anaitwa Booster anaanguka shimoni, ukienda kumwangalia kama mtu yeyote mwenye utu, umeshapoteza njia ya kwenda kwenye mwisho wa kweli, inabidi umruke umpite kama humjui, na hakuna dalili yoyote ya kukwambia hivyo. Huo ni uonevu. Na ukifa kwa bosi unasoma tena maongezi yaleyale kabla ya kupigana, inachosha. Nakata alama 1 hapo, inabaki 9 kwa 10.

Ipo pia ya kulipia, Cave Story+ ya kampuni ya Nicalis, iko Steam (duka la gemu la mtandaoni) tangu 2011, michoro imesafishwa na kuna modi za ziada. Usianze na hiyo. Cheza ya bure kwanza, ukivuka Sacred Grounds, lile eneo gumu la kuelekea mwisho wa kweli, bila kuvunja kibodi ndo ufikirie kutoa hela.