Treni za Chini ya Ardhi za New York Baada ya Fedha za Kunusuru Usafiri: Tathmini ya Abiria wa Alfajiri

Mwezi wa Aprili 2020, janga la UVIKO-19 lilipopamba moto, abiria wa treni za chini ya ardhi za New York walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mapato ya nauli yakakauka. Mimi nilibaki miongoni mwa wachache waliosafiri, kwa kuwa usafi wa wodi haufanyiki mtu akiwa nyumbani. Huduma ninayoitathmini ni ile niliyoipata tangu wakati huo, na siwezi kuitenganisha na fedha zilizoiweka hai.

Bunge la Marekani liliidhinisha msaada kwa usafiri wa umma nchini kote katika awamu tatu: dola bilioni 25 Machi 2020, bilioni 14 Desemba mwaka huohuo, na bilioni 30.5 Machi 2021. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba fedha hizo ziliruhusiwa kulipia mishahara na gharama za kila siku, ilhali ruzuku za kawaida za serikali kuu kwa miji mikubwa huelekezwa zaidi kwenye ujenzi na ununuzi wa vifaa. Behewa jipya lina faida gani kama hakuna wa kuliendesha?

Matunda yake niliyaona kwa macho yangu. Asubuhi moja tulikuwa wanne tu katika behewa zima: mimi, muuguzi aliyesinzia huku kitambulisho kikining'inia kifuani, na mafundi wawili wenye buti zilizokauka saruji. Kwa hesabu ya nauli peke yake, safari ile ilistahili kufutwa. Lakini treni ilifika, nasi tukawahi zamu.

Safari za usiku, zilizositishwa Mei 2020 kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri, zilirejea kikamilifu tarehe 17 Mei 2021. Kwa wafanyakazi wa zamu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kituo chochote kilichopakwa rangi upya.

Kasoro ninayoiona ni kwamba msaada ulikuwa na kikomo, huku abiria wakirudi polepole mno. Mwaka 2023 jimbo la New York lililazimika kuongeza kodi kwa waajiri wakubwa wa jijini ili kuziba nakisi, na nauli ikapanda kutoka dola 2.75 hadi 2.90. Nyongeza hiyo nailipa bila kinyongo. Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na ya tano nitaitoa siku ruzuku ya uendeshaji itakapoingizwa katika bajeti ya kila mwaka bila kungoja janga jingine.