Spika ya magurudumu yenye Bluetooth: inafaa paredi ya shule?

Kwa sauti, hatuna ugomvi na spika hizi. Ya inchi 15, yenye maiki mbili zisizo na waya na betri ya ndani, inatosha paredi ya wanafunzi 300 hivi hata umeme ukikatika. Kwa shule za Dodoma ongeza sponji za kufunika maiki, maana upepo wa asubuhi kuanzia Juni humeza nusu ya maneno ya mwalimu wa zamu.

Udhaifu wake mkubwa uko kwa wanafunzi watundu. Nyingi zikiwashwa huanzia upande wa Bluetooth, tena hutangaza kwa sauti kubwa kwamba ziko tayari kuunganishwa, na hazidai namba ya siri. Simu moja iliyofichwa, ikiwa ndani ya mita 10 hivi, inatosha kupiga Bongo Fleva katikati ya hotuba ya mkuu wa shule. Simu iliyounganishwa Jumamosi kwenye burudani hukumbukwa, hivyo Jumatatu inaweza kujiunga yenyewe wakati mwalimu anahangaika na waya zisizo na kosa.

Dawa ni kubonyeza kitufe cha MODE hadi LINE, yaani upande wa sauti ya waya, kabla ya wanafunzi kujipanga. Kwa spika nyingi hapo Bluetooth hulala, na maiki zinaendelea kufanya kazi. Ila rimoti yoyote ya aina hiyo, au simu yenye taa ya rimoti, inaweza kuirudisha. Ziba kijicho cha spika kinachopokea rimoti kwa kipande cha foili, kisha tepu nyeusi juu yake. Tepu peke yake haiaminiki, kwa sababu baadhi hupitisha mwanga wa rimoti.

Tundu la USB nalo lina hila yake. Ukichomeka flashi, spika huhamia huko na kuanza kupiga bila kuulizwa. Mwanafunzi mwerevu huweka faili lenye ukimya wa dakika 15, kisha kelele za mbuzi. Funika matundu kwa kibati cha skrubu mbili. Hatuelewi kwa nini watengenezaji hawaweki kifuniko chenye kufuli.

Kitasa cha ECHO kikizungushwa hadi mwisho, maneno hupandana mpaka matangazo hayaeleweki. Uwanjani kiache sifuri, na kila kitasa ukiweke alama ya rangi ya kucha ili mabadiliko yaonekane upesi. Spika ikipiga mluzi, mara nyingi si utundu: imewekwa nyuma ya msemaji, na maiki inapokea sauti yake tena. Isogeze mita 2 au 3 mbele yake, pembeni.

Betri ya nyingi ni ya asidi, volti 12. Spika ikiachwa imewashwa usiku kucha, au betri ikikaa tupu likizo nzima ya Desemba, betri inaweza kuharibika na isishike chaji tena. Ichaji kila mwezi.

Tunaipa nyota tatu kati ya tano. Dukani, kabla ya kulipa, iwashe, ihamishie LINE, kisha jaribu kuiunganisha na simu yako. Ikikubali, iache, chukua amplifaya ya waya na spika mbili za honi, isiyo na Bluetooth kabisa.