Uzoefu wangu: kutafuta bunduki ya .22 yenye shabaha wakati mfuko ni mwembamba

Kibali nilikuwa nacho tayari, ila fedha zilitosha bunduki moja tu. Nikikosea, nimekosea. Ndiyo maana nilizunguka miezi kadhaa nikishika bunduki za watu kabla ya kununua yangu.

Nilichotaka ni bunduki ya bolti ya .22 LR, yaani ya risasi ndogo zenye upana wa takribani inchi 0.22, ya kutobolea karatasi kwa mita 50, matundu yakae pamoja, na siku moja moja nijaribu mita 100. Siwindi wala sina haraka. Bolti unaivuta na kuisukuma kwa mkono kama komeo la mlango, na polepole hiyo ndiyo niliyoitafuta: risasi inapopita mtutuni hakuna chuma kingine kinachokimbia ndani ya bunduki, na fundi anaweza kuchonga chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ikawa inabana, kwa kuwa haina kazi ya kumeza na kutema maganda mbio mbio.

Mwishoni zilibaki nne. Savage Mark II ndiyo iliyonionea huruma zaidi kwa bei, na triga yake ya AccuTrigger mwenyewe unaweza kuilegeza au kuikaza bila kumwita fundi. Ruger American Rimfire inatumia magazini (vikasha vya risasi) zilezile za 10/22, bunduki nyingine maarufu ya Ruger, hivyo magazini ya akiba haikusumbui kuipata. Tikka T1x... hapo sina budi kukiri. Bolti yake inateleza kana kwamba imepakwa siagi, niliipenda tangu nilipoishika, lakini ningeinunua nisingebakiwa na cha kununulia risasi. Ya nne ni CZ 457, iliyotoka mwaka 2019 kuchukua nafasi ya 455. Bolti yake unainua nyuzi 60 badala ya 90 za mtangulizi wake. Kwenye karatasi tofauti hiyo haina uzito, hadi ufunge darubini yenye jicho nene, ndipo utajua vidole vinahitaji nafasi ya kupita.

Kabla ya kufika kwa CZ nusura ninunue ya mkononi, yaani iliyokwishatumiwa na mtu, aina nyingine kabisa. Mti wake ulikuwa mzuri, mtutu unang'aa ndani, bei ya kuchekesha. Nikaomba nitoe bolti nimulike tochi nyuma ya mtutu. Kwenye mdomo wa chemba palikuwa na kidonda kidogo, chuma kimesukumwa kwa ndani. Hiyo ni kazi ya pini, kichuma kinachogonga risasi ili iwake. Kwenye risasi za aina hii kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati ya kitako chake, kwa hiyo pini inapiga pembeni. Mtu akizoea kufyatua bunduki tupu, na pini ikawa inafika mbali, inagonga mdomo wa chemba wenyewe. Baada ya muda risasi zinaingia kwa kukwaruza na nyingine zinagoma kuwaka. Fundi ana kifaa cha kunyoosha kidonda cha namna hiyo, lakini sikutaka kuanza safari kwa hospitali. Ukienda kuangalia ya mkononi, beba tochi.

Basi nikachukua 457, yenye mtutu mzito kiasi. Magazini inayokuja nayo inabeba risasi 5, na kwa kulenga karatasi hilo halinisumbui, maana kundi langu, yaani matundu ninayopiga pamoja na kuyapima, ni la risasi 5. Kilichonivuta zaidi ni kwamba mtutu unaweza kubadilishwa na mwenye bunduki bila karakana kubwa. Sijaubadilisha, na pengine sitaubadilisha, ila najua njia ipo.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mita 50, mifuko ya mchanga mbele na nyuma, hewa imetulia, na matundu yametawanyika kama kuku wamemwagiwa mtama. Kundi moja milimita 60, jingine 45, mara risasi moja inakwenda mbali peke yake. Nilianza kuilaumu bunduki, kisha nikajilaumu mwenyewe. Siku ya pili nikashika darubini kwa mkono, na ikacheza. Skrubu za vishikio vya darubini nilivyonunua kwa kubana matumizi zilikuwa zimelegea, na pete moja haikukaa sawa juu ya reli. Nikaweka vishikio vya maana, nikazikaza kidogo kidogo kwa zamu, na makundi yakapungua siku hiyohiyo hadi chini ya nusu. Bunduki haikuguswa hata skrubu moja.

Na hiyo darubini yenyewe ilinifundisha jambo jingine. Nyingi zilizotengenezewa bunduki kubwa zimewekwa zionyeshe sawa kwa takribani mita 100. Ukilenga mita 50 nazo, ukisogeza kichwa kidogo kwenye kitako, alama ya kulengea inatembea juu ya shabaha ingawa bunduki imetulia tuli. Tafuta iliyopangwa kwa mita 50 hivi, au yenye gurudumu la kurekebisha umbali. Ukubwa wa kukuza si hoja. Mimi naishi kwenye mara 9 na inanitosha.

Sasa risasi. Hapa ndipo fedha zangu zilipofanya kazi kuliko mahali pengine popote. Wenye bunduki kubwa hujijazia risasi nyumbani, wakapima baruti hadi bunduki iridhike. Sisi wa .22 tunakula tulichopakuliwa kiwandani, kwa hiyo kazi yako ni kuonja moja moja hadi mtutu wako useme ndiyo. Nilinunua aina sita, na kila aina nikaipigia makundi matano ya risasi tano tano, yote mita 50. Kati ya aina moja na nyingine nilipiga risasi kadhaa bila kuzihesabu, kwa sababu kila kiwanda hupaka risasi zake mafuta au nta yake, na mtutu huhitaji muda kuyazoea.

SK Standard Plus ilinipa wastani wa milimita 14, ukipima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu yaliyo mbali zaidi. CCI Standard Velocity ikaja na 19, na kwa bei yake ndiyo ninayofanyia mazoezi. Aina mbili za mwendo mkali, zile ambazo boksi linajisifu kwa kasi, zilinipa 27 na 31. Bunduki ileile, mchana uleule, mlengaji yuleyule. Tofauti ya 14 na 31 ni kubwa kuliko tofauti yoyote niliyoiona kati ya bunduki nne nilizojaribu.

Kasi inadanganya. CCI Standard inatoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, sawa na mita 326 hivi, chini kidogo ya mwendo wa sauti ambao ni kama mita 340. Haivuki mpaka huo, haitikiswi. Zile kali zinatoka juu ya mwendo wa sauti, kisha njiani zinapunguzwa na hewa hadi zinaurudia mpaka, na hapo ndipo nyingi zinapoanza kuyumba. Lililonishangaza zaidi ni upepo: kwa uzito uleule wa risasi, gramu 2.6, ile kali husukumwa pembeni zaidi ya ile ya polepole kwenye mita 100, kwa sababu kinachohesabika ni kiasi gani cha mwendo imepoteza njiani, na kali hupoteza kingi. Nilibishana na rafiki yangu juu ya hili hadi tukaenda kupiga siku ya upepo. Alilipa chai.

Mita 100 ni mchezo mwingine. Ukiwa umerekebisha darubini kwa mita 50, risasi ya polepole huanguka zaidi ya sentimita 20 chini ya pale unapolenga. Hiyo inahesabika, unazungusha gurudumu na umemaliza. Upepo hauhesabiki hivyo. Kundi langu bora huko ni milimita 34, na mabaya sitayataja.

Angalizo kwa wanaoonyesha picha za kundi moja dogo: na mimi ninalo. Milimita 7, risasi tano, unaweza kulifunika kwa kitufe cha shati. Ni bahati. Nilipiga makundi mengine manne siku hiyo na hakuna lililolikaribia. Muuzaji au rafiki akikuonyesha karatasi moja, muulize zilizobaki ziko wapi.

Kusafisha nafanya kidogo. Risasi hizi ni laini, zimepakwa mafuta, na mtutu ukisuguliwa hadi ung'ae hutumia risasi kadhaa kabla ya kutulia tena. Mimi hupitisha kitambaa kikavu, na macho yangu yapo mbele tu ya chemba, ambako masizi hujikusanya kama pete ngumu. Makundi yakianza kuvimba bila sababu, hapo ndipo pa kuanzia.

Kuna la mwisho la kuangalia kwenye boksi: namba ya bechi, yaani mkupuo wa risasi zilizotengenezwa pamoja kiwandani. SK zilizonipa 14 zilikuwa za bechi moja. Nilipoongeza nyingine za jina lilelile, bechi tofauti, wastani ukapanda hadi 17. Nikarudi kwa muuzaji mbio kutafuta bechi ya kwanza na nikakuta imebaki kidogo. Ninazo boksi saba, nimeziandika kwa kalamu nyekundu, na mdogo wangu amekatazwa kuzigusa.